Neno Moja, Zama Mbili: Lugha ya Riwaya ya Kiswahili na Enzi Zake

Mwaka 1934 James Mbotela, Mkenya aliyetoka katika ukoo wa watumwa walioachwa huru, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa. Wachambuzi wengi hukiweka mwanzoni kabisa mwa safu ya riwaya za Kiswahili. Kijana wa leo akilikuta neno uhuru juu ya jalada, mawazo yake hukimbilia bendera, gwaride na usiku wa Desemba: Tanganyika 1961, Zanzibar na Kenya 1963. Kwa Mbotela maana ni nyingine. Uhuru wake ni hali ya mtu asiyemilikiwa na mtu. Unakuja na manowari ya Waingereza baharini, unashuka pwani, unapewa makazi Freretown karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu kama wazazi wake. Mwingereza ndiye mtoaji, na kitabu kizima kinamshukuru. Haikupita miaka thelathini, neno hilohilo likawa jina la kitu kinachodaiwa kwa Mwingereza huyohuyo, kwa mikutano na kwa migomo. Herufi tano hazikuguswa, lakini anayetoa na anayepokea wamebadilishana nafasi.

Mbotela amelaumiwa sana kwa shukrani zake, na lawama hizo nazielewa. Lakini ukisoma lugha yake kwa utulivu unapata jambo ambalo hotuba zilizokuja baadaye hazingeweza kutupa: jinsi kizazi kimoja cha pwani kilivyolisikia neno uhuru kabla siasa haijalichukua. Ndiyo maana nashikilia kwamba lugha ya riwaya ni shahidi mwaminifu zaidi kuliko maoni ya mwandishi wake. Maoni mwandishi huyachagua. Msamiati, namna wahusika wanavyoitana, urefu wa sentensi, mambo yanayosemwa waziwazi na yanayozungushwa, hivyo kwa sehemu kubwa humchagua yeye. Tena shahidi huyu ana tabia moja ambayo wasomaji wengi huisahau: hutoa ushahidi wa zama mbili kwa pamoja, zama zinazosimuliwa na zama za anayesimulia. Riwaya ya 1978 inayosimulia mambo ya 1955 inasema mengi kuhusu 1978.

Kabla ya kufika huko, tukumbuke kwamba riwaya ya Kiswahili ilizaliwa ndani ya nyumba iliyokuwa na mlinzi mlangoni. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyopewa kazi ya kusanifisha maandishi na kupitia vitabu. Mwandishi wa miaka ya 1930 na 1940 hakuandika kama alivyozungumza barazani kwao. Aliandika akijua kwamba tahajia, msamiati na hata mpangilio wa sentensi zake vitapimwa na watu ambao wengi wao hawakuzaliwa na lugha hii. Usafi unaouona katika nathari ya wakati ule, ule unadhifu wa sentensi kama shati lililopigwa pasi, haukuwa tabia ya mwandishi peke yake. Ulikuwa nauli ya kufika kiwanda cha uchapaji.

Shaaban Robert aliilipa nauli hiyo, kisha akakiongoza chombo alikotaka mwenyewe. Alizaliwa 1909 karibu na Tanga, akaingia kazi ya ukarani katika forodha mwaka 1926, na akatumikia serikali ya kikoloni katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka thelathini. Huyu ni mtu aliyeshinda mchana kutwa akinakili lugha ya amri, na usiku akaandika lugha ya haki. Kusadikika, iliyotoka 1951, karibu yote ni mahakama. Karama anashitakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, Waziri Majivuno anamshitaki, na mshitakiwa anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia, wakarudi na faida kubwa, wakalipwa adhabu. Nchi yenyewe inaelea angani. Haina ramani, haina gavana, haina mkuu wa wilaya.

Wengi huishia kusema kwamba ni fumbo la ukoloni, nami nakubali. Lakini litazame umbo la lugha yenyewe. Karama hatukani, hapandishi sauti. Anaanza kwa heshima, anaomba ruhusa, anapima sentensi zake ziwe na pande mbili zinazolingana, anamwacha msikilizaji afike mwenyewe kwenye hukumu. Huo ni utamaduni wa Mswahili mbele ya mwenye nguvu, utamaduni wa baraza ambako ukali hubebwa na adabu. Ukoloni ulipowanyima watu uwanja wa kusema wazi, Shaaban Robert alikwenda kuuchukua uwanja wa zamani zaidi. Hata majina ya wahusika ni ushahidi. Karama, Majivuno, Fadhili, Auni, Ridhaa, Amini: yote, ukiliondoa Majivuno, ni maneno yaliyokwisha kuwa Kiswahili kupitia dini ya Kiislamu na elimu ya chuoni, na kila jina ni sifa au ila inayotembea kwa miguu miwili. Kwa msomaji wa Tanga wa 1951 jina lilikuwa dua ya wazazi na mzigo wa mtoto. Mwandishi hakuhitaji kueleza tabia ya mtu mwenye jina kama hilo.

Kuna kisa kingine cha Shaaban Robert kinachoonyesha jinsi zama zinavyoweza kulinyakua neno la mtu. Utubora Mkulima ni habari ya mtu anayeiacha kazi ya mjini na kurudi shambani. Mwandishi alifariki Juni 1962. Kitabu kilitoka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Ghafla maneno yake kuhusu jembe, utu na jasho yakasomwa kama yameandikwa kwa ajili ya vijiji vya ujamaa, ambavyo marehemu hakuviona wala hakuvisikia. Utu wa Utubora ni wa mtu mmoja anayetafuta amani ya moyo. Wasomaji wa 1968 waliusikia kama wito wa taifa. Mwandishi hakuwa na kosa, na wasomaji nao hawakuwa na kosa.

Nenda Unguja ya wakati uleule, uone lugha ya namna nyingine kabisa. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni, anawaza kwa Kiswahili cha mjini: cha maskani, cha utani, cha watu wanaojuana kwa ukoo na kwa mtaa. Hapa hakuna sentensi za mahakamani. Kuna maswali ya kutegana, majibu ya mkato, methali inayotupwa nusu kwa sababu mwenzako anaijua nusu iliyobaki. Vichwa vya vitabu vyake vyenyewe vimetoka vinywani mwa watu. Giningi, kwa mfano, ni mji wa wachawi katika masimulizi ya visiwani, na Mzanzibari akiona Kisima cha Giningi tayari nywele zinamsimama kabla hajafungua ukurasa.

Lakini angalia miaka. Kisima cha Giningi ni cha 1968, Duniani Kuna Watu ni cha 1973. Mapinduzi ya Januari 1964 yalikwisha kupita. Hata hivyo ukizisikiliza riwaya hizi, watu bado wanaitana kwa vyeo vya zamani, nyumba bado zina watumishi na urithi wa kugombewa, mji bado ni ule wa kabla ya bunduki. Wapo waliomlaumu Abdulla kwa kukwepa. Mimi naona lugha yake imehifadhi namna ya kusalimiana, ya kutaniana na ya kushukiana ambayo isingeandikwa wakati ule isingeandikwa tena. Mwandishi anaweza kuishi katika mwaka mmoja na sikio lake likabaki katika mwaka mwingine, na hilo nalo ni tukio la historia. Watu waliozidi miaka arobaini wakati wa Mapinduzi hawakubadilisha ndimi zao kwa usiku mmoja.

Waliobadilisha ni wengine, na mabadiliko hayo yalikuwa makubwa. Chukua neno bepari. Lilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi, likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, mtu wa duka na mizani. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi, aliiita Mabepari wa Venisi. Kufikia wakati huo neno lilikuwa limehamia upande mwingine: bepari ni adui wa kitabaka, mtu anayetajirika kwa jasho la wengine. Chukua kabaila. Asili yake ni neno la Kiarabu la kabila, na pwani lilikuwa la mtu wa nasaba kubwa, jina ambalo mwenyewe angelipokea kwa fahari. Baada ya 1964 Zanzibar, na baada ya 1967 bara, kabaila akawa mwenye ardhi anayenyonya. Pamoja nao wakaja mnyonyaji, kupe na mirija. Na katikati yao likasimama ndugu, neno la damu, likageuzwa kuwa cheo cha kila raia, la kuandikwa kwenye bahasha ya serikali na kutamkwa na karani anapomwita waziri.

Riwaya za miaka ya 1970 zimejaa maneno haya, na si zote ziliyabeba vizuri. Zipo ambazo wahusika wake wanazungumza kama wanasoma taarifa ya mkutano wa tawi: mkulima hajui kulalamika kuhusu mvua bila kutaja ubeberu. Leo zinachosha kuzisoma, lakini uchovu huo una mafunzo, kwa sababu unaonyesha jinsi lugha ya jukwaa ilivyoingia hadi jikoni.

Mwandishi anayenipa somo kubwa zaidi katika jambo hili ni Adam Shafi wa Zanzibar, kwa sababu alirudi mahali palepale akiwa na ulimi tofauti. Kasri ya Mwinyi Fuad ilitoka 1978. Inasimulia shamba la mwenye mali kabla ya Mapinduzi na baada yake. Jina la bwana ni cheo: mwinyi, mwenye kumiliki, neno ambalo zamani lilikuwa la watawala wenyeji wa Unguja, kina Mwinyi Mkuu. Jina la mtumishi wake mtiifu ni Kijakazi, yaani hana jina zaidi ya kazi yake na unyonge wake. Hapo hapo katika kuwaita watu, mwandishi amekwisha kuutoa uamuzi. Lugha ya riwaya ile ni ya mistari iliyonyooka: tajiri ni katili, mnyonge ni mwema hata anapokuwa hajaamka, na hadithi inakwenda mbele kwa mwendo wa maandamano. Mwaka uliofuata ikaja Kuli, habari ya wapakizi wa bandarini na mgomo wa 1948, na kichwa chake ni neno lililovuka bahari kutoka India.

Linganisha na Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1972, miaka sita tu kabla. Humo pia yumo mzee tajiri anayeitwa Mwinyi. Anamtamani Bahati, msichana maskini, na kijana Idi anaiona njia yake ya kupata mali katikati ya tamaa ya mzee na umaskini wa binti. Mwinyi huyu ana majumba na fedha, lakini lugha inayomzunguka ni ya tamaa, usaliti na upweke. Ni mwenye dhambi zaidi kuliko adui wa tabaka. Cheo kimoja, kisiwa kimoja, miaka sita: kwa mmoja Mwinyi ni mtu mwenye kiu, kwa mwingine ni mfumo unaopaswa kuanguka. Sidhani ni sahihi kusema mmoja alikuwa nyuma na mwingine mbele. Zanzibar ya 1972 ilikuwa na sauti zote mbili, na tungekuwa na riwaya moja tu tungedhani ilikuwa na moja.

Sasa rukia 1999. Adam Shafi anatoa Vuta n'kuvute, na yumo tena katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi, anamkimbia Bwana Raza, mume mzee ambaye yeye aliozwa kwake akiwa bado mdogo. Anahamia Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, anampenda Denge, kijana anayesakwa na polisi wa kikoloni kwa siasa zake. Ukoloni ni uleule, mji ni uleule, na siasa za mwandishi hazijageuka sana. Lakini lugha imelegea, imecheka. Kuna taarab, kuna utani wa wanawake wawili chumbani, kuna harufu ya chakula, kuna watu wa rangi na dini tofauti wanaokosana na kupendana bila mmoja wao kuitwa kwa jina la tabaka lake. Ile dunia ya Kasri iliyogawanyika pande mbili imekuwa mji wa vichochoro. Mwandishi wa 1978 alisimulia miaka ya kabla ya Mapinduzi kwa msamiati wa Mapinduzi. Mwandishi yuleyule mwaka 1999, baada ya chama kimoja kuondoka na siasa za vyama vingi kuingia, akiiona Zanzibar iliyopasuka upya kwa uchaguzi, alisimulia miaka ileile kama mtu anayekumbuka jinsi watu walivyowahi kukaa pamoja. Hakuna tangazo la mgeuko huo popote kitabuni. Umo katika sentensi.

Na kuna jambo zito zaidi. Rais Karume wa Zanzibar aliuawa Aprili 1972, na Adam Shafi alikuwa miongoni mwa waliokamatwa na kufungwa baadaye. Kwa hiyo Kasri, kitabu chenye lugha ya Mapinduzi, kiliandikwa na mtu aliyekwisha kuyaonja magereza ya serikali iliyozaliwa na Mapinduzi hayo. Riwaya ya gereza, Haini, ilingoja hadi 2003. Neno haini, msaliti wa nchi, ndilo walilobandikwa waliokamatwa. Kwa miaka thelathini lilikuwa mikononi mwa mshitaki peke yake, na 2003 likaandikwa juu ya jalada na aliyeshitakiwa. Anayetaka kujua utamaduni wa enzi fulani asihesabu tu maneno yaliyotumika. Aulize pia ni maneno gani yalikuwa yanangoja.

Bara, kwenye kisiwa cha Ukerewe, alizaliwa mwaka 1944 mwandishi ambaye lugha yake ilikataa kungoja. Euphrase Kezilahabi alikulia katika Kikerewe, akalelewa katika shule za Kikatoliki, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Rosa Mistika ilitoka 1971. Jina lenyewe ni la litania ya Kilatini ya Bikira Maria, waridi la fumbo, na wahusika wanaomzunguka ni Zakaria na Regina, majina ya ubatizo. Kwa jalada na ukurasa wa kwanza tu, riwaya ya Kiswahili ilikuwa imetoka pwani, imepanda hadi kwenye ziwa, imevuka kutoka chuoni hadi parokiani. Shaaban Robert alikuwa amewapa wahusika majina ya maadili. Kezilahabi akampa msichana jina la usafi wa juu kabisa, kisha akamfuata hatua kwa hatua katika mambo ambayo jina lile halikuweza kumkinga nayo: ukali wa baba, walimu na wakubwa waliomtumia, mimba alizozitoa, na mwisho wa kujiua.

Yaliyowashitua watu hayakuwa mambo yenyewe, kwani kila kijiji kiliyajua. Kilichowashitua ni kwamba yalisemwa hivihivi. Sentensi za Kezilahabi ni fupi, kavu, hazina mashada. Hazikimbilii methali pale mwandishi wa pwani angefunika jambo kwa tafsida. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na nadhani ni haki kusema kwamba kilichopigwa marufuku ni mtindo, kwa kuwa hadithi za wasichana waliopotea zilikuwapo nyingi na hazikumsumbua mtu zilipovaa nguo za mawaidha. Ugomvi huohuo ukampata katika ushairi, alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila vina wala mizani. Kizazi cha kwanza kilichosoma hadi chuo kikuu ndani ya nchi huru kilikuwa kinadai haki ya kusema bila kuomba ruhusa, na Kiswahili cha Kezilahabi, kwa kuwa hakukinyonya na maziwa ya mama, kilimpa uhuru wa kukivunja zaidi kuliko walivyothubutu wenyewe wenye lugha.

Gamba la Nyoka, ya 1979, inawaweka Mambosasa na Mamboleo, wasomi wawili, mbele ya zoezi la kuwahamishia watu vijijini. Maneno ya siasa yamo, lakini yanapita kwenye vinywa vya wanakijiji na yanatoka yamepinda. Hapo ndipo Kezilahabi anapowazidi wenzake wa wakati ule: anaonyesha umbali kati ya neno la mkutanoni na sikio la mtu aliyebomolewa nyumba. Kisha mwaka 1990 ikaja Nagona, na 1991 Mzingile. Serikali ya Tanzania ilikwisha kutia saini mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na 1991 Azimio la Zanzibar likayaondoa masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha. Riwaya hizi mbili fupi hazitaji lolote kati ya hayo. Zina ndoto, zina mji uliokufa, zina wanafalsafa wanaopita na kutoweka, na lugha inayojizunguka kama mtu aliyepoteza njia nyumbani kwake. Sisemi kwamba ni tafsiri ya mikataba ile. Nasema kwamba msamiati mzima uliokuwa umewaeleza Watanzania wao ni nani na wanakwenda wapi ulikuwa umeishiwa pumzi, na mwandishi mwenye sikio kali kuliko wote alikuwa wa kwanza kuandika ukimya wake.

Pembeni mwa barabara, tangu miaka ya 1970, watu walikuwa wanasoma kitu kingine. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya 1974, inamleta Willy Gamba, mpelelezi wa serikali ya Tanzania anayepigania wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Lugha yake ina hoteli, ndege, bastola, wiski na wanawake wazuri. Walimu waliidharau. Lakini ndani ya vitabu hivi vidogo mna picha ya matamanio ambayo riwaya za ujamaa hazikuthubutu kuionyesha: kijana wa Dar es Salaam aliyeamini kweli katika ukombozi wa Afrika, na wakati huohuo alitaka kuvaa suti nzuri. Mambo hayo mawili yalikaa katika kichwa kimoja, na ni Musiba aliyeyaandika pamoja. Baadaye Ben Mtobwa na wenzake wakaupeleka mkondo huo katika Dar ya miaka ya 1980 na 1990, jiji la usiku, la magendo na ujanja, ambako watu wameacha kuitana ndugu.

Kenya ilikwenda kwa njia yake. Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka 1995, kichwa ambacho ukikitenganisha kinasema wale ni sisi. Ukikumbuka kwamba mwandishi aliwahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, utaelewa kwa nini neno la siri lilikuwa njia ya kupumua. Lakini nguvu kubwa iliyoiumba lugha ya riwaya ya Kenya haikuwa polisi. Ilikuwa mtihani. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la kutahiniwa hadi sekondari. Riwaya ikapata wasomaji ambao Tanzania haikuwahi kuwaota, maelfu kwa maelfu kila mwaka, wote wakiwa na kalamu mkononi wakitafuta methali, tashbihi na dhamira.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, ndiyo tunda tamu la enzi hiyo. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake, na lugha yake imepambwa kama bibi harusi: misemo, nahau, methali kila ukurasa. Walibora alitoka bara, magharibi mwa Kenya, na alikipenda Kiswahili kwa mapenzi ya mtu aliyekichagua. Jina la mhusika wake ni hamu ya nchi nzima: Kongowea, jina la kale la Mombasa, na Mswahili juu yake. Miaka kumi na sita baadaye, katika Kidagaa Kimemwozea, wahusika wanaitwa Amani, Imani na Mtemi Nasaba Bora. Majina ya Shaaban Robert yamerudi. Mwaka 1951 yalitumika ili mwandishi apite mbele ya mkoloni salama, na mwaka 2012 yanamsaidia mwanafunzi kujibu swali. Siwezi kuficha kwamba jambo hili linanitia wasiwasi. Lugha iliyopambwa kwa ajili ya mtahini humfunza mwandishi chipukizi kwamba uzuri ni wingi wa misemo, na riwaya nyingi za Kenya zilizofuata zimebeba mapambo bila mwili. Walibora mwenyewe alikuwa na mwili, wengi waliomuiga hawana.

Uchumi wa soko nao ulileta maneno yake: ubinafsishaji, mwekezaji, utandawazi. Chachage Seithy Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliikamata enzi hiyo kwa kichwa kimoja mwaka 2002, Makuadi wa Soko Huria. Kuwadi ni neno la aibu la mitaani, soko huria ni neno la ofisini na la wafadhili. Kuyaweka pamoja ni uchambuzi uliokamilika. Mwaka huohuo Kyallo Wamitila alitoa Bina-Adamu!, na kile kistari alichokipitisha katikati ya neno la kawaida kabisa kimemrudisha msomaji kwenye asili yake, mwana wa Adamu, wakati dunia inamwita mteja.

Katika habari yote hii kuna pengo. Karibu waandishi wote niliowataja ni wanaume. Yasmin, Rosa, Bahati na Kijakazi wote wamesemeshwa na wanaume. Ndyanao Balisidya alitoa Shida mwaka 1975, Zainab Burhani alitoa Mali ya Maskini mwaka 1981, na walikuwa wachache kwelikweli. Hivyo lugha ya wanawake wa Kiswahili, ya jikoni, ya unyago, ya kanga na mafumbo yake, imetufikia kwa kusikilizwa ukutani. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, ya 2017, inaingia ndani ya nyumba ya Kizanzibari na kuieleza kutoka upande wa pili wa mlango. Historia ya lugha ya riwaya yetu itaandikwa upya kadiri sauti kama hizo zinavyoongezeka, na huenda tutagundua kwamba tulichokiita Kiswahili cha enzi fulani kilikuwa Kiswahili cha nusu ya watu wake.

Ombi langu kwa wachapishaji ni dogo na linatekelezeka. Kufikirika ya Shaaban Robert iliandikwa 1946 na kuchapishwa 1967. Kati ya miaka hiyo ukoloni ulikuja kuondoka, mwandishi akafa, na Azimio likatangazwa. Msomaji anayepewa tarehe moja tu atalipima kila neno kwa enzi isiyo yake. Kila riwaya ya Kiswahili inapochapwa tena, wekeni mbele ya ukurasa wa kwanza mwaka ilipoandikwa, pale unapojulikana, na mwaka ilipotoka mara ya kwanza. Na maneno ya zamani yaacheni yalivyo. Kabaila wa 1978 asisahihishwe, wala uhuru wa 1934.